Majarida ya Magari Yameacha Kutufundisha

Kwa watu wa rika langu tuliokulia Tanga, tukiyapenda magari kabla hata miguu yetu haijafika kwenye pedeli, jarida la magari lilikuwa shule. Ninaandika makala haya kwa masikitiko ya kweli, kwa sababu naona shule hiyo imefungwa ingawa jengo bado limesimama na bango bado liko mlangoni. Majina mengi ya zamani yapo, karatasi imekuwa nzuri kuliko zamani, na picha zinang'aa, lakini mtu akimaliza kusoma kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma anabaki hajui chochote kuhusu gari ambacho hakukijua asubuhi.

Majarida hayo yalitufikia yakiwa yamechelewa. Mengine yaliletwa na mabaharia wa meli zilizotia nanga bandarini, mengine yaliachwa na wahandisi wa mashamba ya mkonge walipomaliza mikataba yao wakarudi makwao, na mengine yalipangwa chini kwa mafungu huko Ngamiani, pamoja na vitabu vya shule vilivyokwisha tumika. Toleo lililotoka leo tulilisoma baada ya miaka miwili au mitano, na magari yaliyoandikwa humo yalikuja kuonekana katika barabara zetu baadaye zaidi, yakiwa yamepita mikononi mwa watu wengine. Nimekuja kuamini kwamba kuchelewa huko kulitupa sisi uwezo wa kuyahukumu majarida kuliko hata wasomaji wa London au Detroit. Msomaji wa huko alipata habari ikiwa bado ya moto, na habari ya moto humfurahisha mtu hata kama haina kitu ndani. Sisi tulipata kilichobaki baada ya moto kupoa. Uvumi ulikuwa umekwisha, bei zilikuwa zimebadilika, matangazo hayakutuhusu. Kilichobaki na faida ni maelezo ya namna gari lilivyoundwa, namna lilivyopimwa, na namna lilivyovumilia. Kwa kipimo hicho matoleo ya miaka ya 1960 na 1970 yanasomeka hata leo, na matoleo mengi ya miaka hii yanakuwa takataka kabla mwezi haujaisha.

Nianze na michoro, kwa kuwa ndiyo iliyonivuta mimi. Autocar, jarida la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1895, lilikuwa na wachoraji kama Max Millar na baadaye Vic Berris, na mshindani wake The Motor alikuwa na Brian Hatton. Kazi yao ilikuwa kulichora gari likiwa limepasuliwa, bodi ikiwa imeondolewa sehemu hii na kuachwa sehemu ile, ili msomaji aone kwa jicho moja giaboksi ilivyokaa nyuma ya injini, propela shafti ilivyopita chini ya sakafu, na difu ilivyopokea mzunguko na kuugawa kwa magurudumu mawili. Ilikuwa kazi ya mikono, ya kalamu na wino, na mchoraji alilazimika kukielewa kila kipande kabla ya kukichora, kwa sababu kipande asichokielewa kingekaa mahali pasipo pake na mhandisi yeyote angeliona kosa. Niliwahi kumwona fundi mmoja wa Chumbageni, mtu mzima ambaye hakuwa na Kiingereza cha kusomea, akiweka kidole chenye grisi juu ya mchoro wa ekseli ya nyuma na kukipeleka pole pole kutoka kwenye flenji hadi kwenye beringi, kisha akamwambia kijana aliyekuwa akijifunza kwake, "Unaona, mwanangu? Sili ya oili inakaa hapa. Ndiyo maana ukigonga nyundo huku unaiua." Hakusoma sentensi hata moja ya makala yale, na bado jarida lilimsaidia kufundisha.

Baada ya michoro kulikuwa na majaribio. Autocar ndilo linalotajwa kuwa liliasisi jaribio la barabarani kwa utaratibu maalumu, mwaka 1928, kwa kulipima gari dogo la Austin Seven, na kutoka hapo utaratibu huo ulizidi kukomaa mpaka ukawa kama kanuni ya maabara. Wapimaji walifunga gurudumu la tano, mfano wa gurudumu la baiskeli, nyuma ya gari, kwa kuwa spidomita ya gari lenyewe mara nyingi husema mwendo mkubwa kuliko ule halisi. Waliliendesha katika kiwanja cha majaribio cha MIRA karibu na mji wa Nuneaton, kwenda na kurudi, wakachukua wastani ili upepo usilipendelee gari lolote. Walilipandisha kwenye mizani. Walipima mafuta lililokunywa kwa mwendo wa taratibu na kwa mwendo wa haraka, wakapima kelele, wakapima hata duara la kugeuzia, jambo ambalo dereva yeyote aliyewahi kugeuza gari katika mitaa ya barabara za namba pale Ngamiani, kati ya mikokoteni na bajaji, anajua kwamba si jambo dogo.

Nitakaa kidogo kwenye breki, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa thamani ya jedwali la namba. Wapimaji wale walizikanyaga breki mara nyingi mfululizo kutoka mwendo uleule, wakiandika kila mara nguvu ya mguu iliyohitajika ili gari lipungue mwendo kwa kiwango kilekile. Gari lenye breki nzuri lilitaka nguvu ileile mwanzo na mwisho. Gari lenye breki dhaifu lilitaka nguvu zaidi kila mara, kwa sababu joto lilikuwa limepanda na msuguano umepungua, mpaka mguu ukawa unakanyaga na gari halisikii. Nilisoma jedwali kama hilo nikiwa kijana, nikakumbuka mara moja malori ya mboga na matunda yanayoshuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, na harufu ile kali inayosikika kwenye kona za chini, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini madereva wazee walisisitiza kushuka mlima kwa gia nzito na kuziacha breki zipumue. Walikuwa wakisema jambo lililomo katika jedwali lile. Jarida lilinipa sababu, na tangu siku hiyo sijawahi kushuka mlima ule bila kufikiria joto.

Kulikuwa pia na waandishi. L. J. K. Setright, aliyeandika kwa miaka mingi katika jarida la CAR, hakuona aibu kuingia kwa kina katika mambo ya tairi au ya mpangilio wa silinda, akimwamini msomaji kwamba atamfuata. Denis Jenkinson wa jarida la Motor Sport alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1955 alikaa kiti cha pembeni ya Stirling Moss, dereva wa mashindano, ndani ya Mercedes-Benz 300 SLR namba 722, katika mashindano ya Mille Miglia nchini Italia, takribani kilomita 1,600 za barabara za kawaida, wakashinda kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Jenkinson alikuwa ameiandika njia nzima katika ukanda mrefu wa karatasi uliokuwa ukizungushwa ndani ya kisanduku, naye akimwonyesha Moss kwa ishara za mkono kona inayokuja, kwa kuwa sauti isingesikika. Kisha akarudi na kuandika. Ukiyasoma maelezo yake unajua kwamba mtu huyu alikuwepo, kwamba mwili wake ulirushwa na kila tuta, na kwamba anakueleza gari alilolijua kwa mifupa yake.

Sasa tazama jinsi habari ya gari jipya inavyopatikana siku hizi. Mtengenezaji huwaalika waandishi, huwalipia ndege na hoteli, huwapangia njia yenye lami laini na mandhari ya kupendeza, huwapa gari kwa saa chache, na huwaambia siku na saa ya kuchapisha, ili wote watoke kwa pamoja. Matokeo yake ni makala kumi zinazofanana kama zilizotoka kwa mwandishi mmoja, zenye sifa zilezile, picha zilezile za kona ileile, na kasoro mbili ndogo zilizowekwa karibu na mwisho ili ionekane kwamba mwandishi ana msimamo. Hakuna mizani, hakuna gurudumu la tano wala kifaa cha kisasa kilichochukua nafasi yake. Namba za mwendo na mafuta huchukuliwa kama zilivyotolewa na kiwanda. Kurasa zinazofuata zinahusu gari la mamilioni ya dola litakalotengenezwa kwa idadi ya kuhesabika, ambalo wanunuzi wake wengi watalifungia ghalani wakisubiri bei ipande, na kurasa baada ya hizo zinahusu saa za mkononi. Gari la mtu wa kawaida likipewa nafasi, mwandishi atatumia aya tatu kueleza ukubwa wa skrini iliyo mbele ya dereva na asiseme neno moja kuhusu rejeta, shokapu, au urahisi wa kubadilisha plagi. Mimi nimefungua jarida zima nisikute hata picha moja ya gari likiwa limefunguliwa boneti.

Sababu za mabadiliko haya zinajulikana, na ni haki kuzitaja. Matangazo madogo ya watu wanaouza magari, ambayo yalikuwa uti wa mgongo wa biashara ya machapisho, yalihamia kwenye intaneti: huko Uingereza Exchange & Mart liliacha kuchapishwa kwa karatasi mwaka 2009, na Auto Trader likafuata mwaka 2013. Nchini Marekani, mwezi Desemba 2019, kampuni iliyokuwa ikichapisha MotorTrend ilitangaza kufunga kwa mkupuo majarida 19 kati ya 22 iliyokuwa ikiyachapisha, likiwemo Automobile lililokuwa limeanzishwa mwaka 1986. Chumba cha habari kilichopoteza nusu ya watu wake hakiwezi kumwajiri mchoraji wa kukaa wiki kadhaa na ekseli moja. Hilo nalielewa, na siwalaumu waandishi vijana wanaofanya kazi ya watu wanne kwa mshahara wa mmoja.

Lakini ukosefu wa fedha hauelezi kila kitu, kwa sababu wapo walioendelea na kazi ngumu. Consumer Reports la Marekani, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1936, hununua magari yake lenyewe madukani bila kujitambulisha, na halipokei matangazo. Auto Bild la Ujerumani huliendesha gari kilomita 100,000, kisha hulifungua injini na giaboksi na kuvitandaza vipande sakafuni, ili kila beringi na kila ringi ya pistoni ichunguzwe mbele ya macho ya msomaji. Ninapoziona picha hizo moyo wangu hufurahi kama wa yule kijana wa gereji ya Chumbageni. Na mwezi Oktoba 1997 ni jarida la Sweden, Teknikens Värld, lililolipeleka gari jipya la Mercedes-Benz A-Class kwenye jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, gari likapinduka. Kiwanda chenye jina kubwa kuliko vyote kilisimamisha uuzaji, kikabadilisha mfumo wa chini ya gari na kuliwekea kila A-Class kifaa cha kielektroniki cha kudhibiti kuteleza. Yapo maisha yaliyookolewa kwa sababu mwandishi mmoja aliukata usukani kwa nguvu mbele ya koni za plastiki badala ya kuamini karatasi aliyopewa.

Wala sidai kwamba wazee wetu wa zamani walikuwa malaika. Mwaka 1961 Autocar lilitangaza kwamba Jaguar E-Type ilifikia maili 150 kwa saa, na inajulikana leo kwamba gari lile la majaribio, lenye namba ya usajili 9600 HP, lilikuwa limetayarishwa maalumu na kiwanda, na kwamba mnunuzi wa kawaida hakuwa na matumaini ya kuufikia mwendo huo. Hilo lilikuwa doa. Hata hivyo tumelijua doa hilo kwa kuwa kulikuwa na namba ya kupingana nayo. Makala isiyopima kitu haiwezi kukamatwa ikisema uongo, na kwangu hilo ndilo jambo baya kuliko yote katika uandishi wa magari wa sasa.

Mtu anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini sisi wa Tanga, ambao gari jipya kabisa ni jambo la kusikia. Yanatuhusu kuliko wengine. Gari tunalonunua limeshatumika Japani kwa miaka kumi au zaidi, tumelilipia ushuru wa uchakavu, kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa kwa Kijapani kama kimekuja nalo, na fundi atakayelitunza hakuwahi kupelekwa na kiwanda kwenye mafunzo yoyote. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na majarida. Aliyetaka kujua kwa nini Peugeot 504 ya saluni ilitulia kwenye barabara mbovu kuliko pikapu ya gari hilohilo aliweza kusoma kwamba saluni ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, ilhali pikapu ilikuwa na ekseli nzima, na akajua ni bushi zipi azitazame kwanza.

Chukua Nissan X-Trail ile iliyotoka mwaka 2007, ambayo imejaa mjini kwetu. Nyingi zina giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kuhesabika bali mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Kila kitu humo kinategemea mafuta maalumu yenye uwezo wa kushika chuma kwa chuma bila kukila. Fundi asiyeelezwa hayo huona giaboksi ya otomatiki kama zile alizozizoea, akaongeza mafuta ya kawaida ya otomatiki, na baada ya muda mkanda unateleza, puli zinachanika, na mwenye gari anaambiwa anunue giaboksi nyingine. Nimeona familia ikiuza kiwanja kwa ajili ya kosa ambalo ukurasa mmoja wenye mchoro mzuri ungelizuia.

Au chukua Toyota Aqua, iliyozinduliwa Japani mwezi Desemba 2011, na ambayo sasa inaanza kuonekana kwa wingi kwa sababu ya unywaji wake mdogo wa mafuta. Betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, nayo hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti hicho. Katika nchi ya vumbi tundu hilo huziba. Abiria huliwekea begi au nguo bila kujua. Betri huchemka na maisha yake hupungua kimyakimya. Kusafisha kichujio chake ni kazi ndogo kwa mtu anayejua kwamba kipo. Ni majarida mangapi ya miaka hii yaliyolionyesha tundu hilo kwa mchoro? Yaliyosomwa na mimi yalieleza rangi za bodi.

Najua wapo vijana wanaorekodi video za ufundi kwa Kiswahili, na baadhi yao ni hodari sana. Nawaheshimu, na natazama kazi zao. Ila video haibandikwi ukutani kwenye gereji, haipitishwi mkono kwa mkono na kusomwa tena baada ya miaka kumi, na mara nyingi humwonyesha mtu hatua za kufuata bila kumpa sababu zake. Kurasa za magari katika magazeti yetu, kwa upande mwingine, zimekuwa orodha za bei zilizoandikwa na wauzaji wenyewe.

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka, na ninakitaka kwa Kiswahili. Ninataka mtu achukue Toyota IST ya mwaka 2003, ile ya injini ya 1.3, na nyingine ya 1.5, zote zikiwa zimetembea umbali unaofanana, azipandishe mizani pale zinapoanzia, azijaze mafuta mpaka shingoni, apakie watu wanne na mizigo kama tunavyosafiri kweli, kisha azipandishe kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kona na mwinuko wa karibu mita 1,000, huku akiandika joto la injini kila baada ya kilomita tano. Azishushe kwa gia nzito mara moja, na kwa breki peke yake mara ya pili ikiwa na usimamizi wa kutosha na bila abiria, apime joto la diski pale Mombo. Baadaye akae nazo mwaka mzima kwenye njia ya Muheza hadi Amani, mvua na jua, aandike kila boljointi, kila bushi na kila shokapu iliyobadilishwa, ilitengenezwa wapi na ilidumu kilomita ngapi. Mwishoni fundi azifungue, mchoraji akae pembeni yake, na bei ya kila spea iandikwe kama ilivyo dukani Tanga mjini, kwa sababu ya Dar es Salaam haitusaidii sisi wa huku.